Sikio la Fundi Mtandao

Pale Magole, wilayani Kilosa, barabara ya Turiani inapochepuka kutoka ile ya Morogoro kwenda Dodoma, fremu za biashara hubanana: wakala wa pesa, duka la pembejeo, gesti, saluni. Kufunga ruta moja katika mstari wa namna hiyo ni kazi ya kuchomeka waya. Ufundi unaanza jirani naye anapofunga ya kwake.

Kila ruta hujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, na iliyo karibu yaweza kupima tangazo hilo limefika na nguvu kiasi gani. Kipimo ni desibeli, na namba zake ni hasi: hasi 50 ni safi, hasi 67 ndipo mafundi wengi huweka mpaka wa mazungumzo ya sauti, hasi 80 kurasa zinafunguka kwa kusuasua. Ukishuka 3, nusu ya nguvu imepotea. Ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Nazipenda namba hizi kwa sababu zinaumaliza ubishi wa "mtandao si upo!"

Kwenye gigahezi 2.4, chaneli ambazo kwa kawaida hupangwa zisiingiliane ni tatu tu: 1, 6 na 11. Wakiwa majirani wanne, lazima wawili wachangie chaneli. Ruta mbili za chaneli moja zikisikiana, hupeana zamu. Kasi inapungua lakini kazi inakwenda. Balaa ni zisiposikiana. Mteja aliyekaa katikati anazipokea zote mbili kwa mpigo, haambulii kitu, huku kila ruta ikiripoti kwamba mtaa ni shwari. Hapo fundi hodari huiacha kompyuta, akashika simu na kutembea, maana ruta inasikilizia darini na mteja anasikilizia mezani, nyuma ya tofali za kuchoma. Bati hurudisha mawimbi, majani mabichi yaliyolowa huyanyonya. Kipimo cha kiangazi hakiaminiki masika.

Namsifu zaidi anaposhusha nguvu. Mwenye gesti atataka ruta ipandishwe hadi mwisho, vijiti vijae kwenye simu za wageni. Lakini simu ina sauti ndogo: inaisikia ruta kutoka mbali, ikijibu haifiki, na vile vijiti vinne vinabaki pambo. Heshima ya fundi iko katika kumweleza bosi anayelipa kwamba kidogo kitamfaa zaidi.

Kwenye maofisi makubwa mitambo hujipimia yenyewe. Ruta moja ikizimika, zilizokuwa zikiisikia hupandisha nguvu kuziba pengo. (Umeme ukikatika mtaa mzima, pengo ni la wote.) Kwenye fremu hakuna mtambo wa kuamua, na kila ruta ina mwenyewe. Katika orodha ya mitandao kwenye simu ya fundi kuna jina lenye hasi 48, chaneli ileile ya mteja wake, na nywila yake haijui. Programu haina kitufe cha kumhamisha jirani. Basi anatoka, anapiga hodi duka la pili.

"Shikamoo mzee. Intaneti yako jioni haikusumbui?"

"Marahaba. Inasumbua sana, kijana."

"Niruhusu niihamishie chaneli 11. Silipishi."