Hesabu za Ufa

Granaiti iliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ikiwa nzima haina pa kuweka maji: kwa kawaida nafasi zilizo wazi ndani yake hazifiki asilimia 1 ya ujazo. Hata hivyo, vijiji ambavyo bomba la ziwa halijavifikia hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa humo humo. Maji hayo hutunzwa na tabaka la juu, ambako jiwe limeoza likawa mchanga na udongo, kisha hupita kwenye nyufa za chini. Kuukokotoa mwendo wake kwa kompyuta ni ufundi ninaouhusudu.

Msingi wake ni wa mwaka 1856, pale mhandisi Henry Darcy wa Dijon, Ufaransa, alipoonyesha kwamba maji yanayochujika mchangani hutiririka kwa kadiri ya tofauti ya kimo chake kwa umbali. Ufa una ukali wake. Ukipanuka maradufu, maji huongezeka mara nane. Ufa mmoja wa milimita 1 hupitisha maji sawa na nyufa 1,000 za sehemu ya kumi ya milimita. Ukikosea kidogo kukadiria upana, jibu zima limepotea.

Na nani atazipima nyufa zote za mlima? Mwaka 1960 wanasayansi wa Kisovieti Barenblatt, Zheltov na Kochina walipata njia ya kuepuka kazi hiyo. Kila nukta ya ardhi waliipa presha mbili, moja ya maji yaliyo kwenye nyufa na nyingine ya yaliyo kwenye jiwe lenyewe, halafu wakaandika kanuni ya jinsi pande hizo zinavyopeana maji. Kompyuta huigawa ardhi katika visanduku, na kila kimoja hufungiwa mahesabu kama daftari la duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Kisha kisima hupimwa. Pampu huwashwa, kina cha maji kikisomwa kila baada ya muda mfupi. Mwanzoni maji hushuka haraka, kwa kuwa nyufa ndizo zinazotoa. Baadaye mshuko hupungua, hifadhi, ambayo hapa ni lile tabaka la jiwe lililooza, inapoanza kuzilisha nyufa. Hifadhi nayo ikizidiwa, maji hushuka tena. Fundi hurekebisha modeli hiyo ya kompyuta mpaka mchoro wake wa mshuko ufuate ule wa kisima.

Hapo ndipo umahiri hupimwa, kwa sababu mipangilio mingi tofauti ya nyufa huweza kutoa mchoro ule ule. Fundi mwenye haraka hushika wa kwanza uliokubali. Aliyebobea huendelea kuijaribu mingine, huitupa ile inayopingana na jiolojia ya mahali, na iliyobaki huiuliza yote swali moja: kiangazi kikirefuka, kisima hiki kitatoa lita ngapi kwa saa bila kukauka? Majibu yakitofautiana, huiambia kamati ya maji ya kijiji ichague pampu kwa kufuata lile dogo.