Namna ya Kuupima Ukuta wa Mawe na Chokaa

Dalali akikuambia kwamba nyumba ya shambani kule Mbweni au Mjimwema, Dar es Salaam, ni "ya mawe, ya Mjerumani", usimbishie. Ingia ndani, simama dirishani, weka kiwiko kwenye ukingo mmoja wa ukuta na unyooshe mkono kuelekea ukingo wa pili. Vidole vikipitiliza kwa wingi, huo ni ukuta wa miti na udongo uliopakwa chokaa. Nyumba za namna hiyo si haba kwa kukaa, ila hazistahili bei ya mawe. Ukuta wa mawe wa pwani hauwi chini ya dhiraa moja, yaani sentimeta 45, na mara nyingi hufika 50 hadi 60.

Habari ya Mjerumani nayo ina kipimo chake: tazama dari. Mafundi wa Mjerumani walijenga kwa mawe yale yale ya matumbawe na chokaa ile ile iliyotumika hapa kabla hawajatia nanga mwaka 1887, lakini walipenda kubeba sakafu za juu kwa vyuma. Ukiona boriti za mikoko peke yake, hujui bado. Ukiona chuma kilichoanza kushika kutu, hapo dalali angalau amekaribia.

Jicho hufundishwa, na darasa lipo Kunduchi. Magofu yake yana mabaki ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na makaburi ya karne ya 18 na 19, mengine yakiwa na nguzo zilizopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Wageni huenda kutazama nguzo. Wewe nenda ukatazame kuta zilizobanduka lipu, maana nyumba nzima inayokaliwa haitakuonyesha matumbo yake.

Utakutana na mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe la nchi kavu, gumu, lenye mashimo yasiyolingana na vipande vya kombe ndani yake. Hilo ndilo lililojaza kuta. La pili ni tumbawe la baharini, jepesi, lenye vinyweleo vidogo vya kulingana. Lilikatwa likiwa bichi, likachongwa wakati bado laini, kisha hewa ikaligandisha. Wajenzi walilitunzia kazi ya heshima: kibla, zidaka za ukutani, kingo za milango. Fundi wa leo akijitolea kukuletea tumbawe jipya la baharini kwa ajili ya ukarabati, mkatalie. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vilivyo mbele ya pwani hii vimehifadhiwa tangu 1975, na matumbawe yake si machimbo ya mtu.

Sasa angalia mawe yalivyolala. Katika ukuta uliojengwa na mwashi anayejua kazi, jiwe linagusa jiwe. Makubwa yamelazwa bapa, madogo yamekazwa kwenye mianya, na chokaa inaziba tu. Katika ukuta wa mvivu, mawe yanaelea ndani ya chokaa na hayagusani. Ukuta huo utasimama miaka mingi, kisha utafura tumbo. Pembeni, kwenye makutano ya kuta mbili, mawe marefu yanatakiwa yapishane, moja likiingia ukuta huu na la pili ukuta ule. Ufa mnyoofu unaoshuka kona kutoka juu hadi chini unakuambia kwamba hayakupishana kamwe. Nyufa nyembamba za juu juu kwenye lipu nisingezijali. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha na kuzidi upana kuelekea juu ni jambo jingine, huo ni msingi unaokwenda.

Chokaa ndiyo inayotofautisha nyumba na nyumba, na hapa mnunuzi asiwe na haraka. Zamani ilichomwa katika tanuu la wazi: magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, moto ukawashwa katikati. Mawe yaliyotoka yalimwagiwa maji yakachemka na kupasuka kuwa unga, kisha unga ukalazwa, wiki kwa wiki, mwenye subira miezi. Kulaza huko ndiko kulikogharimu, na ndiko kulikorukwa na wenye haraka. Chembe ambayo haikuzimika vizuri huendelea kunywa maji ikiwa tayari ukutani, huvimba, na kuirusha lipu iliyo mbele yake. Ukiona ukuta wenye vijishimo kama uso uliopona ndui, na katikati ya kila kishimo pana punje nyeupe, umeipata chokaa isiyolazwa. Punje ndogo nyeupe ndani ya chokaa ya kujengea zisikutishe. Tanuu la wazi halikuchoma kwa kulingana, na punje hizo ni alama ya kazi ya mkono.

Chukua kipande kilichodondoka, ukisage kwa vidole. Kizuri hukataa kidogo halafu humeguka. Kibaya ni vumbi mara moja. Kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Mahali penye sauti ya utupu lipu imeachana na jiwe. Sehemu chache si neno. Ukuta mzima ukilia hivyo, hesabu gharama ya lipu mpya.

Umbo la vyumba nalo husema kweli. Boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya mita tatu, kwa hiyo vyumba vya asili ni virefu na vyembamba. Chumba kipana kisicho na nguzo wala chuma kimevunjwa ukuta wa katikati, na mzigo wake sasa umekaa mahali usipotarajia. Boriti nyingi zilitoka delta ya Rufiji, na mkoko mzuri hudumu kuliko mwenye nyumba, ila huoza ncha inayozama ukutani, palipo na unyevu wa paa linalovuja. Usitazame katikati ya dari. Toboa ncha kwa kisu. Ikibidi kubadilisha, kumbuka mikoko ni misitu ya hifadhi na hukatwa kwa kibali.

Kosa kubwa la zama zetu linatoka jirani. Kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kinachimba mawe ya chokaa ya mwambao huu huu. Jiwe likichomwa karibu nyuzi 900 unapata chokaa. Likichanganywa na udongo na kuchomwa kufika 1,450 unapata saruji. Ndugu hao wawili hawakai ukuta mmoja. Ukuta wa mawe hunywa maji ya ardhini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa, mchana jua likiwaka. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda, yanabeba chumvi, na kukauka nyuma ya lipu, ambako chumvi hulila jiwe polepole. Dalili yake ni mkanda wa unga mweupe na rangi iliyovimba. Kwenye ukuta wa chokaa mkanda huo huishia magotini. Kwenye ukuta wa saruji nimeuona kifuani.

Mlango wa nakshi usikupofushe. Milango huhama, hung'olewa nyumba moja ikapachikwa nyingine, na kuuzwa kwa bei ya nyumba. Fremu ambayo ukuta umechimbwa ili kuipokea inajulikana kwa saruji iliyoizunguka. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mwaka huo una kichekesho chake, kwani Boma la Kale la Sultani Majid mjini, lililojengwa 1866 na 1867, limepitwa kwa miaka mitatu na lisingelindwa kwa umri peke yake. Nyumba yako ya shambani ikishukiwa kuwa ya zamani zaidi, wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale kabla fundi hajainua nyundo.

Ukiwekewa nyumba mbili mezani, moja lipu yake ya chokaa imebanduka nusu na mawe yanaonekana, nyingine imepigwa saruji mwaka jana na kupakwa rangi ikang'aa, nunua ile iliyobanduka.