Kuiga Mashine Tusiyoijua

Henrik Rydgård alianzisha PPSSPP mwaka 2012 ili simu na kompyuta ziweze kuiga PSP, mashine ya michezo ya Sony iliyotoka mwaka 2004. Baada ya matoleo mengi yenye namba 0, likaja toleo la 1.0.

Mwigo hupimwa kwa asili yake. Lakini kijana wa Vurra asiyewahi kushika PSP ataupima kwa simu yake ya bei nafuu. Picha hushinda asili: zaweza kuwa safi kuliko kioo cha PSP chenye nukta 480 kwa 272. Vitufe hushindwa: waweza kuvihamisha, si kuvihisi, na dole gumba huficha mpira unaoufukuza. Programu imara haitoshi. Mchezo huchezwa kwa mkono.