Keki ya wali: chakula cha mfukoni kwa safari ndefu ya baiskeli

Keki ya wali ni wali laini ulioshikamana, ukashindiliwa kwenye trei, ukakatwa vipande vya kutosha kiganja na kufungwa kimoja kimoja kwenye karatasi. Mwendesha baiskeli huvibeba katika mifuko ya mgongoni mwa jezi na kuvila huku akiendelea kukanyaga pedali. Toleo linalojulikana zaidi leo limetokana na kazi ya Allen Lim, mwanafiziolojia wa michezo wa Marekani, aliyezihudumia timu za Garmin na RadioShack katika mbio za Ulaya mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Waendeshaji wake walikuwa wamechoshwa na baa na jeli za viwandani: utamu ule ule kwa saa nyingi, siku nyingi mfululizo, na matumbo yaliyovurugika. Lim alirudi jikoni. Alipika mchele wa Calrose, ule wa punje fupi kiasi unaolimwa California, akachanganya na mayai, nyama ya nguruwe iliyokaangwa, sukari kidogo na sosi ya soya. Mwaka 2011 yeye na mpishi Biju Thomas walichapisha kitabu The Feed Zone Cookbook, na mwaka 2013 kikafuata Feed Zone Portables, ambacho chote kinahusu vyakula vya kubeba.

Ukubwa wa mahitaji ya mwili barabarani hupatikana kwa hesabu fupi. Anayetoa wati 200 kwenye pedali hufanya kazi ya kilojuli 720 kwa saa. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, na iliyobaki hupotea kama joto. Kwa kuwa kilokalori moja ni kilojuli 4.2, kazi hiyo humgharimu karibu kilokalori 700 kila saa. Sehemu ya nishati hiyo hutoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo hayaishi upesi hata kwa mtu mwembamba, lakini huungua polepole. Kilima kikianza, misuli hudai glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli yenyewe na kwenye ini. Akiba hiyo ni gramu 400 hadi 600 kwa mtu aliyekula vizuri, sawa na kilokalori 1,600 hadi 2,400. Inapokwisha, nguvu hukatika ghafla, kichwa kikawa chepesi na miguu ikagoma. Katika Mashindano ya Dunia ya Baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, mbio za barabarani za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na mshindi, Tadej Pogačar, alikaa barabarani zaidi ya saa 6. Hakuna akiba ya mwilini inayoweza kubeba kazi ya namna hiyo peke yake.

Kula kabohaidreti nyingi kadiri iwezekanavyo si jibu, maana utumbo mwembamba una kikomo. Glukosi huvushwa kuingia kwenye damu na kisafirishi kiitwacho SGLT1, nacho hujaa kinapofikia gramu 60 hivi kwa saa. Kinachozidi hubaki tumboni, huvuta maji na kuleta gesi na kuhara. Fruktosi, ile sukari ya matunda na asali, hupitia kisafirishi kingine, GLUT5. Tafiti za Asker Jeukendrup na wenzake, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, zilionyesha kwamba mtu anayechanganya aina hizo mbili, glukosi sehemu mbili na fruktosi moja, anaweza kutumia takriban gramu 90 kwa saa. Waendeshaji wa kulipwa wa sasa huzidisha hapo, lakini kwa matumbo yaliyozoeshwa kwa muda mrefu.

Wanga wa mchele ni minyororo ya glukosi tupu. Vimeng'enya vya mate na kongosho huikata upesi, na kinachofika kwenye utumbo ni glukosi bila fruktosi. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Kwa hiyo keki ya wali haikamiliki bila chupa: kipande huleta glukosi, na maji ya sukari huongeza fruktosi inayopita njia ya pili. Wengi wanaoiga keki hiyo nyumbani huacha nusu hii ya mpango, wakajaza chupa maji matupu na kushangaa kwa nini nguvu hazitoshi.

Kinachoitofautisha keki ya wali na baa ya dukani, hata hivyo, ni maji zaidi kuliko kabohaidreti. Baa hukaushwa ili ikae miezi mingi kwenye rafu. Ikiingia tumboni, tumbo lazima kwanza liilainishe kwa maji, na maji hayo hutoka kwa mtu ambaye tayari anatoka jasho jingi. Zaidi ya nusu ya uzito wa keki ya wali ni maji. Hutafunwa upesi, humezwa bila kugugumia chupa nzima, na huondoka tumboni bila kulilemea. Anayepanda kilima huku anahema kwa nguvu hana nafasi ya kutafuna kitu kikavu kwa dakika 2. Hili ndilo jambo ambalo Lim alilipatia zaidi ya yote.

Uchaguzi wa mchele huamua kama keki itashika au itamwagika mfukoni. Wanga una sehemu mbili: amilosi, ambayo minyororo yake imenyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Mchele mrefu unaosifiwa kwa kuchambuka punje kwa punje, kama basmati au pishori wa Mwea, una amilosi nyingi zaidi na haufai hapa. Mchele wa punje fupi una amilopektini nyingi na hunata wenyewe. Asiyeupata anaweza kutumia chenga, yaani mchele uliovunjika, ambao sokoni huuzwa kwa bei ya chini. Punje iliyovunjika huachia wanga wake majini na kufanya gundi. Sifa inayoufanya ushuke bei kwenye pilau ndiyo inayoupa thamani kwenye keki. Uchambuliwe na kuoshwa mara moja tu, maana kuosha mara tatu au nne huondoa wanga unaohitajika.

Kwa trei moja ya sentimita 20 kwa 30, mchele gramu 400, sawa na vikombe 2, hupikwa kwa vikombe 3 vya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji yakikaribia kukauka humiminwa tui zito mililita 150, sukari gramu 40 na hiliki kidogo, kisha sufuria hufunikwa kwa moto mdogo mpaka wali uwe bokoboko. Ukoko uachwe chini ya sufuria. Vipande vyake vigumu huvunja keki. Wali ukiwa bado wa moto husongwa kwa mwiko mpaka nusu ya punje zivurugike, kisha hutiwa tende gramu 100 zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa, na kushindiliwa kwenye trei kwa unene wa sentimita 2. Ukipoa hukatwa vipande 12.

Kila kipande kina kabohaidreti za gramu 36 hivi, mafuta chini ya gramu 4 na sodiamu miligramu 200. Mafuta yamewekwa kidogo kwa makusudi. Tui huleta ladha na kuzuia wali usikauke, lakini mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga, na keki iliyopikwa kwa tui tupu kama wali wa nazi wa sikukuu itamlemea mwendeshaji kabla ya saa ya pili. Anayependa chumvichumvi anaweza kuacha sukari na tende, akatia mayai yaliyopikwa yakaiva kabisa na sosi ya soya, kwa mtindo wa Lim. Baada ya saa 3 za vitu vitamu, ladha ya chumvi huamsha hamu ya kula, na hamu hiyo ina uzito kuliko hesabu ya gramu.

Kipande kimoja na chupa ya mililita 500 yenye sukari gramu 30 na chumvi kidogo, kwa saa moja, hutoa jumla ya gramu 66: glukosi zipatazo 46 na fruktosi 20. Uwiano ni sehemu mbili na kidogo kwa moja. Kipande kimoja na nusu pamoja na chupa ile ile hufikisha gramu 84, na glukosi inafikia kile kikomo cha 60 hivi. Chupa hiyo ina sukari asilimia 6, kiwango ambacho utumbo hukipokea bila kuvuta maji kutoka mwilini. Anayeongeza sukari maradufu kwa kudhani anaongeza nguvu hupata kiu na tumbo linalochemka.

Maji yale yale yanayoifanya keki ifae tumboni ndiyo yanayoifanya iharibike. Mchele mbichi hubeba spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, nazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, spora huamka, bakteria huzaliana, na baadhi hutoa sumu inayoleta kutapika. Kupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo trei pana na unene mdogo ni muhimu: sentimita 2 za wali hupoa upesi, ilhali wali uliorundikwa sufuriani hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi. Keki iingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili baada ya kupikwa, na isipogandishwa iliwe ndani ya siku moja. Tui huongeza hatari nyingine, kwani huchacha upesi.

Kanuni za kawaida za usalama wa chakula huruhusu wali kukaa nje ya friji kwa saa 2, na saa 1 tu joto likizidi nyuzi 32. Mfuko wa jezi juu ya mgongo wenye jasho, katika mchana wa Mombasa au Dar es Salaam, hufika hapo bila shida. Timu za Ulaya hazikumbwi sana na tatizo hili kwa kuwa zina magari yenye masanduku ya barafu, na wahudumu wanaokabidhi chakula kipya barabarani katika mifuko ya kitambaa. Mtu anayesafiri peke yake hana gari nyuma yake. Dawa yake ni kugandisha. Vipande vikigandishwa usiku kucha na kutiwa mfukoni alfajiri, huyeyuka taratibu na kubaki vya baridi kwa muda wa kutosha saa za mwanzo.

Kugandisha kuna faida ya pili. Wanga uliopikwa ukipoa huanza kujipanga upya na kuwa mgumu, na mabadiliko hayo huenda kasi zaidi kwenye joto la friji, karibu na nyuzi 4. Ndiyo maana wali wa jana hukakamaa, na sehemu ya wanga wake huwa ngumu kumeng'enywa. Kwenye friza mabadiliko hayo karibu husimama. Sukari na tende nazo huyachelewesha, hivyo keki tamu hubaki laini kuliko ile ya chumvi.

Kufungua ni kazi ya mkono mmoja na meno, na ufungaji hufuata hilo. Karatasi inayotumika kwenye timu ni ya alumini nje na karatasi ya kuokea ndani. Hukunjwa kama bahasha, pembe moja ikiachwa imesimama ili ivutwe kwa meno huku mkono mwingine ukishika usukani. Nailoni huteleza kwa jasho na hushika wali. Jani la mgomba lililobabuliwa juu ya moto likalegea ni badala nzuri, halishiki chakula na halivuji. Lifungwe kwa kamba yenye kifundo kinachofunguka kwa kuvutwa mara moja, na vifungashio vyote virudi mfukoni.

Kula huanza mapema, dakika 30 hadi 40 baada ya kuondoka, kabla njaa haijabisha. Robo ya kipande kila baada ya dakika 15 hukaa tumboni vizuri kuliko kipande kizima kwa mkupuo. Saa 2 za kwanza ni za wali, au 3 kama vipande viligandishwa vizuri na jua si kali, lakini 1 tu kama havikugandishwa na joto limezidi nyuzi 32. Baada ya hapo ni zamu ya vyakula ambavyo bakteria hawavipati kirahisi. Tende zina sukari nyingi na maji machache, zinastahimili joto siku nzima, na sukari yake ni glukosi na fruktosi karibu nusu kwa nusu. Nne au tano kubwa hutoa gramu 60 na zaidi. Ndizi mbivu ya wastani, iliyofungwa na ganda lake lenyewe, ina gramu 27. Kashata hudumu pia, ila za karanga na za nazi zina mafuta mengi na ni za mwendo wa pole. Saa ya mwisho, mwendo unapokuwa mkali na damu ikielekezwa miguuni, chakula kigumu kiachwe na chupa ibaki peke yake.

Safari isiyozidi dakika 90 haihitaji keki ya wali. Akiba ya mwilini inatosha. Kwa ndefu zaidi, utumbo unahitaji kuzoeshwa kama miguu inavyozoeshwa. Anayeanza ashike gramu 30 hadi 40 kwa saa, aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa za mazoezi, na asijaribu mapishi mapya asubuhi ya mashindano.