Uhakiki wa Dhana ya Mfumo Ikolojia na Istilahi Zake za Kiswahili: Mfano wa Pwani ya Bagamoyo

1.0 Utangulizi

Istilahi za ikolojia zimeingia katika Kiswahili kwa njia kuu mbili. Baadhi zimetoholewa, kama vile ikolojia na spishi. Nyingine zimepatikana kwa kupanua maana za maneno yaliyokuwapo, kama vile mazingira, makazi na mnyororo wa chakula. Mijadala kuhusu istilahi hizi mara nyingi huishia kwenye umbo: iandikwe ikolojia au ekolojia, isemwe mnyororo au mlolongo. Swali lililo zito zaidi huachwa kando, nalo ni iwapo taswira inayobebwa na istilahi inaafikiana na jinsi viumbe wanavyoishi na kutegemeana.

Makala haya yanahakiki taswira nne, yaani mazingira, mfumo, mnyororo na usawa, kwa kuzipima katika pwani inayoanzia Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kupitia Kaole na Bagamoyo hadi Saadani. Hoja kuu ni kwamba taswira hizo, zinapofundishwa bila tahadhari, huchora pwani iliyofungwa, iliyotulia na isiyo na watu, ilhali pwani yenyewe iko wazi, hubadilika, na watu wamo ndani yake.

2.0 Mazingira: Nani Yuko Katikati?

Neno mazingira limetokana na kitenzi zingira. Kinachozingira sharti kiwe na kinachozingirwa, na katika matumizi ya kawaida anayezingirwa ni binadamu. Kwa hiyo, neno hili humweka mtu katikati, na viumbe wengine humzunguka kama ua unavyozunguka nyumba. Ikolojia, kama ilivyoasisiwa na Ernst Haeckel mwaka 1866 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyumba au kaya, ina mwelekeo tofauti. Katika kaya hakuna kitovu kimoja; kila mkaaji ni sehemu ya mazingira ya mwenzake. Kwa kaa wa matopeni, mkoko ni mazingira. Kwa mkoko, mashimo yanayochimbwa na kaa ni mazingira pia, kwa kuwa hupitisha hewa na maji katika tope linalozunguka mizizi.

Vitabu vinavyotumia mazingira na ikolojia kana kwamba ni visawe hufuta tofauti hiyo. Athari yake hujitokeza katika nafasi anayopewa mtu: ama huwa mmiliki aliye katikati, ama, anapokosolewa, huwa mharibifu atokaye nje. Nafasi ya tatu, yaani mtu kama mkaaji miongoni mwa wakaaji, hukosa jina.

3.0 Mfumo na Tatizo la Mpaka

Dhana ya mfumo ikolojia iliwekwa na Arthur Tansley mwaka 1935. Tansley alitambua kwamba mifumo inayochunguzwa na wanasayansi hutengwa kwa kiasi fulani na akili ya mchunguzi, kwani katika uhalisia mifumo hiyo hupishana na kuingiliana. Aidha, hakumtoa binadamu katika hesabu; alimwona kuwa kani yenye nguvu miongoni mwa viumbe. Tahadhari hizo mbili ndizo zinazopotea dhana inapofupishwa kuwa "viumbe hai na visivyo hai vya mahali fulani".

Mikoko ya mlango wa mto Ruvu inaonesha gharama ya ufupisho huo. Maji na tope la Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru, mbali na bahari. Mto huohuo ndio unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayohudumia Dar es Salaam, na katika sehemu yake ya juu linajengwa bwawa la Kidunda. Bwawa, kwa kawaida, huzuia sehemu ya tope na kubadili majira ya mafuriko. Mpaka wa mfumo ukichorwa mahali mikoko inapoishia, mambo hayo yote huwa nje ya uchunguzi, na mikoko ikidhoofika atakayeonekana ni mkata nguzo peke yake. Mpaka ukichorwa kwa kufuata maji, orodha ya wahusika hurefuka na mizani ya lawama hubadilika.

Kunduchi inatoa ushahidi wa aina hiyo. Mmomonyoko wa fukwe zake umejadiliwa kwa miongo kadhaa, na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoshuka huko ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Ufuo haukuguswa kwa koleo, lakini chakula chake, yaani mchanga, kilikatwa njiani.

Mipaka ya kisheria nayo ina uzito wake. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na Saadani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mipaka hii ni ya lazima katika utawala. Kosa ni kuifanya kuwa mipaka ya mfumo ikolojia. Kamba wanaovuliwa mbele ya midomo ya Ruvu na Wami hutaga kwenye maji ya nje. Wachanga wao husukumwa kuelekea mikokoni, hukulia humo, kisha hurudi baharini. Hakuna mstari wa ramani unaowazuia.

4.0 Mnyororo na Kinachoanguka Chini

Istilahi mnyororo wa chakula huleta picha ya pingili zilizoshikana kwa safu moja: jani huliwa na mnyama, mnyama huliwa na mwingine. Picha hii inafaa kueleza kwamba nishati huenda upande mmoja na kwamba sehemu kubwa hupotea kama joto katika kila ngazi, jambo lililofafanuliwa na Raymond Lindeman mwaka 1942. Kwa kawaida ni takriban sehemu moja kwa kumi inayofika ngazi inayofuata, ingawa kiwango hutofautiana.

Hata hivyo, katika mikoko sehemu kubwa ya majani hailiwi ikiwa mbichi. Huanguka topeni, huburutwa na kaa hadi mashimoni, hutafunwa na konokono, huozeshwa na bakteria na kuvu, kisha chembechembe zake huwa lishe ya viumbe wengine au huchukuliwa na maji yanapopwa. Mzizi wa ulaji wote huo ni uozo. Katika michoro ya vitabu, waozeshaji huwekwa pembeni au mwishoni, kama wafagizi wanaokuja baada ya karamu; kwa mikoko ya Bagamoyo ndio wapishi. Istilahi utando wa chakula ni bora zaidi, kwa sharti kwamba uozo uwekwe ndani ya utando huo. La sivyo, mwanafunzi atajua kwamba nishati hupita, asijue kwamba virutubisho huzunguka.

5.0 Usawa na Ushahidi wa Kaole

Kauli kwamba maumbile yana usawa ambao binadamu huuvuruga ni maarufu mno. Magofu ya Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, yanaitilia shaka. Mji huo wa kale ulikuwa na misikiti, makaburi na bandari. Leo baina ya magofu na maji pana ukanda wa mikoko. Tope lilijikusanya, miche ikashika, mizizi ikanasa tope zaidi, na nchi kavu ikasogea. Huu ni mfuatano wa kiikolojia: jumuiya moja ya viumbe huandaa mahali kwa ajili ya nyingine.

Ni vigumu kuuita mchakato huo uharibifu au usawa. Kwa mikoko ulikuwa ustawi. Kwa nahodha aliyetafuta gati ulikuwa hasara. Kinachostahili kuulizwa ni kasi ya badiliko, chanzo chake na uwezo wa viumbe kujirudi. Kupauka kwa matumbawe kulikotokea mwaka 1998 katika pwani ya Afrika Mashariki, maji yalipopata joto lisilo la kawaida, ni badiliko la namna nyingine: lilikuja haraka, na katika sehemu nyingi matumbawe hayakupata muda wa kustahimili. Neno usawa haliwezi kutenganisha matukio haya mawili, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

6.0 Msamiati wa Pwani: Ubora na Upungufu

Wakaaji wa pwani hii wana msamiati unaobeba maarifa ambayo vitabu huyafafanua kwa sentensi ndefu. Bamvua na maji mafu hutaja siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na siku ambazo tofauti hiyo hupungua. Kusi na kaskazi hutaja pepo zinazoamua majira ya uvuvi. Mlilana, mkoko, msinzi, mkandaa na mchu ni majina ya miti inayotofautiana katika kustahimili chumvi na kufunikwa na maji: mlilana hupatikana zaidi ukingo wa bahari, ilhali mchu hufika hata ukingo wa bara unaofikiwa na maji siku za bamvua tu. Mwenye mashamba ya chumvi, anayengoja bamvua ili ajaze vidimbwi vyake, na mkulima wa mwani wa Mlingotini, anayefanya kazi maji yakiwa yamekupwa, wanaishi kwa kalenda ileile inayopanga miti hiyo. Huu ni ushahidi wa kiisimu kwamba mtu ni sehemu ya mfumo.

Pamoja na hayo, msamiati huu usitukuzwe kupita kiasi. Neno mkoko ni jina la mti mmoja na papo hapo ni jina la kundi zima, utata ambao mtafiti hawezi kuupuuza. Majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Zaidi ya hayo, msamiati huo hutaja kinachoonekana. Hauna neno la bakteria anayeozesha jani wala la nishati inayopotea kati ya ngazi na ngazi. Istilahi za kisayansi zinahitajika hapo, na hazina mbadala.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba udhaifu wa istilahi za ikolojia katika Kiswahili hautokani na utohozi, bali unatokana na taswira zilizopokewa bila kupimwa. Mazingira humweka mtu katikati. Mfumo, usipowekewa tahadhari ya Tansley, hufunga mipaka ya uongo. Mnyororo husahau uozo. Na usawa huficha mabadiliko. Yanayohitajika si kuzitupa istilahi hizo, kwani zimekwisha kuzoeleka, bali kuzifafanua kwa mifano iliyo karibu na msomaji. Mwanafunzi wa Bagamoyo anayefundishwa ikolojia kwa mifano ya misitu ya mbali, huku bamvua ikijaa na kupwa karibu na darasa lake, hufundishwa kuwa mgeni nyumbani kwake. Naye mkata nguzo anayetajwa kitabuni kama mharibifu pekee, bila mto, bwawa wala mji unaokunywa maji ya mto huo kutajwa, hahukumiwi na ikolojia, bali na mpaka uliochorwa vibaya.