Kiti kinang'aa, lakini ngozi imekufa

Siku hizi kurekebisha viti vya zamani vya kinga, vile vya ngozi vya Brooks, imekuwa mtindo. Picha ya kwanza, kiti kikavu cha kijivu. Picha ya pili, kiti cheusi kinang'aa kama kiatu cha ndoa, na sisi bote tunapiga makofi. Mimi makofi hayo nayapinga.

Kiti cha Brooks si sponji iliyofunikwa ngozi. Ni kipande kimoja cha ngozi nene, milimita 5 hivi, kimevutwa kati ya chuma cha mbele na cha nyuma sawa na ngozi ya ngoma. Chini yake, hewa tu. John Boultbee Brooks alikiombea hati ya uvumbuzi mu 1882, kule Uingereza, na mpaka leo wazo ni lile lile: uzito wote wa mtu unabebwa na ngozi.

Sasa fundi wetu wa picha anazamisha kiti mu mafuta usiku kucha. Ngozi inakunywa, inalainika, rangi inaiva. Kwa picha, safi kabisa! Lakini ngozi iliyoshiba mafuta haikatai tena uzito. Inabonyea katikati, pembeni inafunguka kama masikio, na mwenye kinga anaanza kukalia chuma. Anakaza buloni ya mbele, anakaza tena, mpaka ngozi inachanika kwenye misumari ya shaba. Hapo hakuna dawa.

Njo maana kiti mimi nakigeuza kwanza. Buloni imebakiza nyuzi ngapi? Ikiwa imekwisha kukazwa yote, ngozi imevutika hadi mwisho wake, hata juu king'ae namna gani. Matundu ya misumari yakiwa marefu kama yai, ngozi imeanza kuachia. Kisha nabonyeza na kidole gumba: inatakiwa ikatae, halafu irudi. Mipasuko midogo ya juu hainisumbui, ile inayofika chini njo mbaya. Rangi naiangalia paka mwisho.

Kazi ninayoiheshimu, kwa picha haina utamu. Brashi, kitambaa chenye unyevu kidogo, nta nyembamba juu na chini, kivuli, siku kadhaa za kungoja. Masikio yakifunguka, anatoboa matundu pembeni na kuyafunga kwa kamba chini ya kiti. Makovu yanabaki, na yabaki.

Kuna pia wanaoondoa misumari yote na kuweka ngozi mpya juu ya chuma cha zamani. Hiyo ni kazi ngumu, na ikifanywa vizuri naipenda. Lakini kuiuza kwa jina la "ya asili" ni udanganyifu. Mukiitiwa bei hiyo, mulipe chuma kama cha zamani, na ngozi muihesabu kama ya jana.