Fani Imesomwa, Maudhui Yameachwa: Mwili wa Mhojiwa Mbele ya Hadhira

Utangulizi

Kila kazi ya fasihi huwa tunaiuliza maswali mawili: inasema nini, na inakisema vipi. Maudhui na fani. Tangu kidato cha tano tunaambiwa kwamba vitu hivi viwili havitenganishwi, kwamba ni pande mbili za sarafu moja. Makala haya yanakusudia kulipeleka jambo hilo mahali ambapo sisi wanafunzi wa fasihi hatufiki mara nyingi, yaani kwenye mahojiano ya hadharani.

Najua wapo watakaoniuliza, "Hivi mahojiano nayo ni fasihi?" Nawajibu kwamba kama ngonjera na majigambo ni utendaji, basi na mahojiano ni utendaji. Kuna jukwaa, kuna wahusika wawili, kuna mgogoro, kuna hadhira. Na viziada lugha vimo tele: macho, mikono, mabega, kicheko, kimya. Mtazamaji akishatoka hapo hakumbuki sana mtu alisema nini. Anakumbuka alivyokaa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Wapo watu ambao ubongo wao hufanya kazi kwa namna tofauti na ya walio wengi, wakiwemo wenye usonji. Mtu wa namna hiyo anapohojiwa katika hali ya mvutano, mwili wake hausomeki kwa sarufi tuliyoizoea sisi wengine. Anayeusoma kwa sarufi hiyo hupotoka, awe anamlaumu mhojiwa au anamtetea. Kipimo kinachobaki ni maneno na matendo yake.

Tukio lenyewe

Mfano nilioutumia ni mahojiano ya tajiri Elon Musk na mwandishi Andrew Ross Sorkin, yaliyofanyika New York tarehe 29 Novemba 2023 katika mkutano wa gazeti la The New York Times. Nimeuchagua kwa sababu Musk mwenyewe alitangaza kwenye televisheni ya Marekani, tarehe 8 Mei 2021, kwamba ana Asperger, hali ambayo siku hizi huwekwa ndani ya usonji. Kwa hiyo simpimi mtu mimi, maana mimi si daktari. Naichukua kauli yake.

Chanzo cha mvutano kilikuwa hiki. Musk aliununua mtandao wa Twitter mwaka 2022 kwa dola bilioni 44, na mwaka 2023 akaubadilisha jina ukawa X. Tarehe 15 Novemba 2023 mtu mmoja aliandika huko kwamba Wayahudi wanachochea chuki dhidi ya Wazungu. Musk akamjibu kwamba amesema ukweli wenyewe. Ikulu ya Marekani ikalaani. Kampuni kubwa kama IBM, Apple na Disney zikasimamisha matangazo yao. Kabla ya mwezi kwisha Musk akasafiri kwenda Israeli, na aliporudi akaketi mbele ya Sorkin.

Sorkin akamwuliza kuhusu wale waliokuwa wakisema kwamba safari ile ilikuwa ya kuomba radhi, na kuhusu kampuni zilizojitoa. Musk akajibu kwamba hataki zitangaze. Akasema kama kuna mtu anataka kumtisha kwa pesa, basi na aende zake, na hapo akatumia tusi la nguoni. Ukumbi ukapigwa na butwaa. Sorkin akajaribu kuingia, Musk akalirudia tusi lile lile, safari hii neno moja moja, akauliza kama ameeleweka. Kisha akamsalimu "Bob", yaani Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, ambaye alikuwa amezungumza katika mkutano huo huo mapema siku ile.

Katika kikao hicho hicho Musk alisema pia kwamba anasikitika kwa ule ujumbe wake, kwamba ulikuwa upumbavu, na kwamba huenda ndio mbaya kuliko yote aliyowahi kuandika. Msomaji, hebu jiulize: ni watu wangapi wanaolikumbuka tusi, na wangapi wanaikumbuka radhi?

Usomaji wa makundi mawili

Nimewasikiliza watu wengi wakiyajadili mahojiano haya, na naona wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza linasema: mtazameni, hana majuto hata chembe. Mtu kaulizwa swali zito, kakaa kimya. Akijibu anatazama pembeni. Anacheka mahali pasipochekesha. Hata jina la anayemhoji kalikosea, akamwita Jonathan wakati ni Andrew. Kwa kundi hili kimya ni hatia, kicheko ni dharau, na macho yanayokwepa ni uongo.

Kundi la pili linasema: mwacheni jamani, ndivyo alivyoumbwa. Ana Asperger, hajui kupima neno. Kwa kundi hili ugonjwa, kama wanavyouita wenyewe, umeshajibu kila swali, hata lile tusi.

Makundi haya yanajiona kuwa maadui, lakini kumbe yamefanya kosa moja. Yote mawili yamesoma fani tu. La kwanza limesoma mwili likatoa hukumu, la pili limesoma mwili likatoa msamaha. Maneno yenyewe hayajasomwa na yeyote.

Sarufi ya macho

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo yanayosingiziwa zaidi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006, uliogusa nchi 75, ulikuta kwamba imani iliyoenea kuliko zote duniani kuhusu mwongo ni kwamba hakutazami usoni. Mwaka huo huo wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti zaidi ya 200 kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo. Wakakuta tunapatia kwa asilimia 54 hivi. Hiyo si mbali sana na kurusha shilingi juu ukangoja ianguke kichwa au mwenge.

Sisi tulitakiwa tuwe wa kwanza kuitilia shaka imani hiyo. Mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Akimkodolea mzee macho ataambiwa hana adabu. Mtoto huyo huyo mpeleke ofisini akahojiwe kwa kazi na mtu aliyefundishwa kwingine, ataandikiwa kwamba hajiamini. Macho ni yale yale, sarufi ndiyo iliyobadilika. Ikiwa tunakubali kwamba utamaduni hubadilisha maana ya jicho, kwa nini tushindwe kukubali kwamba na ubongo unaweza kuibadilisha? Wahenga walikwisha kusema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watu wengi wenye usonji wameeleza kwamba kumtazama mtu machoni huwachosha au huwaumiza, na kwamba wakitazama pembeni ndipo wanapoweza kusikiliza vizuri. Yaani kile tunachokiita kukwepa, kwao ndiko kusikiliza.

Kimya nacho vivyo hivyo. Katika tamthiliya kimya huandikwa kwenye maelekezo ya jukwaani, na mtunzi anajua alikiweka kwa nini. Katika mahojiano hakuna maelekezo. Hadhira huyaandika yenyewe kichwani, halafu inaapa kwamba imeyakuta pale.

Hadithi inayopotea njiani

Msomi wa Kiingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa mwaka 2012 hoja ambayo mhakiki wa fasihi hawezi kuipita. Zamani wataalamu walisema mtu mwenye usonji ana upungufu, hawezi kuelewa wenzake. Milton akasema hapana, kutokuelewana kuna pande mbili. Yeye hanisomi mimi vizuri, na mimi simsomi yeye. Ila kwa kuwa sisi ndio wengi, lawama yote tumembebesha yeye.

Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walilipima jambo hilo kwa njia ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi ataipenda. Walipanga watu wanane wanane wapokezane hadithi, huyu amsimulie huyu, hadi wa mwisho. Wenye usonji watupu waliifikisha hadithi vizuri sawa na wasio na usonji watupu. Hadithi ilipotea zaidi katika mistari iliyowachanganya. Kwa hiyo fanani hakuwa mbovu, na hadhira haikuwa mbovu. Ni kama mmoja anasema "Paukwa!" na mwenzake anajua kiitikio kingine.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni wa Noah Sasson na wenzake, wa mwaka 2017. Watu walionyeshwa vipande vifupi vya video, vya sekunde chache tu, vya wenye usonji na wasio nao. Katika sekunde hizo chache watazamaji walikwisha kuwaona wenye usonji kuwa si watu wa kukaa nao. Wengine wakapewa maandishi matupu ya maneno yale yale, bila sura wala sauti. Ile tofauti ikatoweka.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, msomaji. Ilitoweka. Maneno yalikuwa mazuri kama ya mtu mwingine yeyote. Kilichowaangusha kilikuwa fani, tena fani iliyosomwa na watu wasiojua kanuni zake.

Tusome maneno sasa

Basi tumfanyie Musk haki hiyo: tuuondoe mwili, tubaki na maneno. Tutaona kwamba kundi la kwanza lilikosea kuhusu radhi. Katika mahojiano yake ya TED, Aprili 2022, Musk alieleza kwamba alipokuwa mdogo aliyachukua maneno kama yalivyo, akidhani kila mtu anamaanisha kile hasa alichokisema, hadi akagundua sivyo. Mtu wa namna hiyo akisema anasikitika na kwamba alifanya upumbavu, radhi yake imo ndani ya sentensi, haimo mabegani. Hadhira ilikuwa inangoja utanzu wa toba kama inavyoujua: kichwa chini, sauti ya chini, pengine na chozi. Haikuuona, ikahesabu kwamba hakuna kilichosemwa.

Ila na kundi la pili halipo salama. Tazama tusi lile lilivyojengwa. Kuna takriri, na ya pili inatamkwa polepole kuliko ya kwanza. Kuna swali la balagha la kuuliza kama ameeleweka. Kuna mlengwa aliyetajwa kwa jina. Ufundi huo wote haufanani na neno lililomponyoka mtu. Halafu angalia hilo neno alilolichagua, la kutishwa kwa pesa. Mteja aliyeamua kutonunua amegeuzwa kuwa mhalifu anayetishia. Baadaye akasema kampuni hizo zikiuua mtandao wake, dunia nzima itajua ni nani aliyeua, na hukumu akaiachia Dunia, kana kwamba Dunia ni hakimu aliyekalia kiti. Hiyo ni tashihisi, na nyuma yake kuna msimamo: mwenye mali anajiona yeye ndiye anayeonewa. Msimamo huo ujadiliwe na upingwe kama msimamo mwingine wowote. Hautoki kwenye usonji. Anayesema unatoka huko anawatukana watu wengi wenye usonji ambao hawajawahi kumtukana mtu jukwaani.

Usomaji huu una tabaka

Jambo la mwisho sitaki nilifunike. Musk alipokaa kimya, wapo walioambiana kwamba akili kubwa inafikiri. Tajiri husamehewa mwili wake, hata hugeuzwa kuwa alama ya kipaji.

Namfahamu kijana mmoja mwenye usonji aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Maswali yote alikuwa anayajua. Alijibu huku anaitazama meza, na kila swali alilitulia kwanza, kimya, kabla ya kufungua mdomo. Wakamwambia ana kiburi. Hakuna aliyesema akili kubwa inafikiri. Kimya kile kile, macho yale yale, lakini kwa mwenye mabilioni ni kipaji na kwa mtoto wa mkulima ni kiburi. Kama mwili ungekuwa unajisemea wenyewe kama tunavyodai, maana yake isingebadilika kwa kufuata mfuko wa mwenye mwili.

Hitimisho

Sisemi fani isisomwe. Nasema fani isomwe na mtu aliyejifunza kanuni za utanzu anaousoma. Hatuhakiki utenzi kwa kanuni za riwaya, eti tulalamike kwamba mistari ni mifupi. Kwa nini tuuhakiki mwili wa mwenye usonji kwa kanuni za mwili mwingine?

Kwa hiyo napendekeza utaratibu mdogo kwa yeyote atakayetaka kuyahakiki mahojiano yenye mvutano, iwe ya Musk au ya mwanasiasa wa hapa nyumbani. Atafute kwanza maandishi ya yaliyosemwa, ayasome mara mbili, aandike anachokiona. Ndipo awashe video. Akikuta maoni yake yamebadilika, ajiulize ni nini hasa kilichoyabadilisha: ni hoja mpya aliyoisikia, au ni jicho lililotazama pembeni? Na wale wanaokaa upande wa pili wa meza ya usaili, wenye kalamu na fomu mkononi, nao wajiulize hivyo hivyo kabla hawajaandika neno kiburi.